Mabamba Saba Hadi Getini

Alikwenda kununua kokoto, akarudi na fundi.

Hivyo ndivyo mambo yalivyoanza, na kila alipoyarudia kichwani baadaye, mshonaji yule alianzia hapo hapo. Ilikuwa jioni, jua limeegemea mapaa, mvua ya mchana imeacha madimbwi barabarani. Alivaa ndala, akachukua karai tupu, akamwambia binti yake, "Nakwenda kwa Bibi Kokoto mara moja. Usitoke nje, kuna utelezi."

"Mara moja yako naijua," binti akajibu kutoka kitandani. "Ni mara moja, na kusimama na jirani, na kusema 'haya mimi naenda' mara nne."

Huyo ndiye Chiriku. Miaka tisa, mdomo hauna likizo. Mwaka mzima alitembea kwa magongo baada ya kuvunjika mguu, na uani kwao, kutoka mlangoni hadi getini, kulikuwa na udongo ambao mvua ikinyesha hugeuka sabuni. Alianguka humo mara tatu. Mara ya tatu, mfupa uliokuwa umeanza kuunga ukafunguka upya. Baba yake alikwishatangulia mbele ya haki. Waliobaki ni mama, mwana na cherehani. Siku magongo yaliposimamishwa nyuma ya mlango kwa mara ya mwisho, mshonaji aliapa kwa sauti: mwanangu hatakanyaga tope tena katika nyumba hii.

Tatizo la kiapo ni kwamba kinasikika.

Bibi Kokoto alikuwa mahali pake pa siku zote, kando ya barabara, juu ya gunia lililokunjwa, akiponda mawe kwa nyundo. Jua lilimkuta hapo, mvua ikamkuta hapo. Watu walimzoea kama wanavyozoea nguzo ya umeme.

"Bibi, shikamoo. Nipimie karai moja, nimwage pale kwangu mtoto apate pa kukanyaga."

"Marahaba."

Kabla bibi hajanyoosha mkono, sauti ikatoka nyuma ya rundo la kokoto. Sauti ya chini, yenye mchanga ndani yake.

"Kokoto tupu zitamuumiza, mama. Mguu wenyewe ndio kwanza umepona. Mimi namwaga zege la maua."

Mwanamume alikuwa amechuchumaa, mfuko wa zana mapajani. Akamnyooshea bamba dogo la zege, la ukubwa wa kiganja. Mshonaji akalishika, akalipitishia kidole. Lilikuwa na ua la waridi, kila petali imelala juu ya mwenzake, laini kama hariri iliyopigwa pasi. Yeye alikuwa mtu wa kazi ya mikono. Kazi safi aliijua hata kwenye pindo la ndani asiloliona mteja.

Bei aliyotajiwa ilikuwa ndogo mno. Cha rahisi kina ghali yake, methali hiyo ilimpita kichwani, ikapita kweli, haikusimama.

Nyundo ya Bibi Kokoto ilikuwa imenyamaza. Mshonaji alimwona akifungua kinywa. Midomo ikatikisika...

Kisha bibi akafumba. Nyundo ikaendelea. Ko. Ko. Ko.

Ni njiani tu, karibu afike nyumbani, alipojiuliza: fundi yule amejuaje habari za mguu?

*

Alikuja kesho yake, jua linapopungua. "Zege la maua halimwagwi juani," alisema. "Litapasuka."

Alibisha hodi chini kabisa ya geti, usawa wa goti. Ngo, ngo, ngo.

"Mama!" Chiriku akacheka. "Kuna mtu anagonga kama mimi!" Maana Chiriku naye, tangu zile siku ambazo mikono yote miwili ilishika magongo, alizoea kugonga geti kwa ncha ya kiatu.

Fundi aliingia amechuchumaa. Alichanganya saruji amechuchumaa, akachota mchanga amechuchumaa, akabeba ndoo kwa kujivuta kisigino kwa kisigino. Hakuwa na kibarua. Mshonaji alimkaribisha kiti, akakataa. Akampa maji, akayamimina kwenye mchanganyiko.

"Mabamba hufuata hatua ya mtu," alisema, akatoa uzi mrefu. "Nipime ya nani?"

"Ya binti yangu. Njia ni yake."

Chiriku akatembea kutoka mlangoni hadi getini, mdomo ukitembea zaidi ya miguu, na kila alipoweka wayo, fundi alifunga fundo kwenye uzi.

"Fundi, kwani wewe husimami? Na wewe ulivunjika mguu?"

"Sikuvunjika."

"Sasa?"

"Mimi nilimwagwa."

Chiriku akacheka hadi akajishika tumbo. Mama yake, aliyekuwa mlangoni akishona vifungo, akatabasamu na pini mdomoni. Kila kazi ina utani wake, alijisemea.

Halafu fundi akamgeukia yeye. "Swali la mwisho, mama. Hii ni njia ya kuingia, au ya kutoka?"

"Fundi nawe! Njia ni njia. Mtu akiingia anapita hapo, akitoka anapita hapo hapo."

"Lazima uchague. Wewe ni mshonaji. Kitambaa hakina uso?"

Kitambaa kina uso, ni kweli. Na mshonaji akafikiria likizo ya shule itakavyokwisha, binti yake akitoka asubuhi na viatu visafi, magongo yamebaki nyuma ya mlango. Moyo wake ukajaa.

"Basi ya kutoka," akasema. "Atoke vizuri."

Fundi akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepokea alichotumwa kukifuata. Akaanzia mlangoni. Alikwenda kinyumenyume, kama wafanyavyo mafundi wote wasiotaka kukanyaga kazi yao. Kila bamba alilolimwaga, alikata kipande cha ule uzi wenye mafundo, akakizamisha ndani, akasawazisha kwa mwiko. Kwaruu... kwaruu... Kisha akagandamiza muhuri wa waridi. Mabamba saba. La saba liligusa geti, naye akatokea nje, mgongo mbele, bado amechuchumaa. Mshonaji alimlipa kupitia upenyo.

"Mwagilia maji kila jioni, siku saba. Usiruke hata moja. Ya saba nitakuja kumalizia."

Mama wa mapacha, jirani wao wa nyumba ya pili, alichungulia juu ya ukuta. "Jirani eeh! Hiyo njia au zulia? Umetuacha mbali. Nami ngoja, nitamwita huyo huyo."

Mshonaji akacheka. Alikuwa na furaha. Hilo ndilo lililomuuma zaidi baadaye.

*

Jioni ya kwanza alichota ndoo, akamwagilia. Zege likanywa kwa sauti ndogo... tss... kama mtu anayevuta chai ya moto. Akageuka. Chiriku alikuwa amesimama peku juu ya bamba la kwanza, uso kuelekea getini.

"Umekuja kunisaidia?"

Mtoto hakugeuza hata shingo.

Maji yalipokwisha kuzama, mtoto akapepesa macho. "Mama, nimefikaje hapa?"

"Kwa miguu, umefikaje kwingine!"

Wakacheka wote wawili. Kicheko cha mama kilikuwa kifupi kidogo.

Jioni ya pili, bamba la pili. Macho wazi, lakini yalikuwa kama madirisha ya nyumba ambayo wenyewe wamehama.

Jioni ya tatu alimfungia ndani kwa ufunguo, ndipo akamwagilia. Alikuwa hajamaliza ndoo aliposikia kutoka ndani.

Puu.

Puu.

Puu.

Akafungua. Chiriku alikuwa anatembea papo hapo, akiupiga mlango kwa paji la uso na vidole vya miguu, bila hasira, bila haraka. Mlango ulipoachia, akampita mama yake kama anavyopita kizingiti, akaenda akasimama juu ya bamba la tatu. Paji lake lilikuwa na nundu. Alipozinduka hakukumbuka lolote, na usiku ule hakusimulia hadithi yoyote kitandani. Nyumba ilikuwa na kimya kigeni. Mshonaji alilala ameufunga mkono wa binti kwenye wake kwa utepe wa pazia.

Jioni ya nne hakumwagilia. Alimpakata, akasubiri. Kwanza midomo ya mtoto ikawa ya kijivu. Kisha visigino vikaanza kupasuka, mstari mmoja, miwili, kama udongo wa kiangazi. Katika mipasuko ile hakukutoka damu.

Kulitoka vumbi.

"Mama... kiu."

Akampa kikombe. Akampa jagi. Mtoto alikunywa mpaka tumbo likawa ngoma, na bado midomo ikapasuka. Harufu ikakijaza chumba, harufu ya saruji mbichi, baridi, kama ya mtaro mpya. Mshonaji alikimbia na ndoo mbili, akaimwagilia ile njia huku akilia, na nyuma yake akasikia hatua ndogo zikija, zikimpita, moja, mbili, tatu, nne.

Visigino vilikuwa vimefumba. Safi kabisa. Hata kovu halikuonekana.

Asubuhi alichukua nyundo. Alilenga pembe ya bamba la kwanza, akapiga mara moja tu. Kikaruka kipande cha ukubwa wa ukucha.

Ndani, Chiriku akapiga yowe.

Ukucha wa kidole chake kidogo cha mguu ulikuwa umetoka.

*

"Siku ile ulitaka kusema kitu."

Bibi Kokoto aliendelea kuponda. Ko. Ko.

"Bibi, nakusihi kwa aliyekuzaa. Mwanangu yuko bamba la nne. Leo jioni ni la tano. Ulitaka kusema nini?"

Nyundo ikatua. Bibi akanyoosha kidole ng'ambo ya barabara, kwenye nyumba yenye mlango wa buluu. "Unaiona ile? Ni yangu."

"Yako? Mbona unalala kibandani hapa?"

"Kuingia siwezi. Mwaka wa kumi na tisa huu. Aliniuliza, kama alivyokuuliza wewe. Nilikuwa na kibanda cha nguo sokoni, mtu wa kukurupuka alfajiri. Nikasema ya kutoka. Nikamwambia apime hatua yangu mwenyewe." Akafunua kitambaa kilichofunika mguu wake wa kushoto. Wayo uliishia katikati. "Nilivunja mabamba mawili kabla sijaelewa. Usivunje."

Mshonaji akakaa chini, juu ya kokoto, bila kuhisi zinavyochoma.

"Nimpeleke kwa shangazi yake, mbali?"

"Ukimtoa getini kwa mkono wako, umemmalizia kazi."

"Na siku ya saba?"

"Mimi nilikuwa mtu mzima, nilimpiga teke, nikakimbilia hapa. Mtoto..." Bibi akaishia hapo.

"Uliona ananifuata, ukanyamaza!"

"Nilinyamaza, mwanangu." Sauti yake ilikuwa kavu. "Aliniahidi. Nikinyamaza mara saba, atanigeuzia njia nirudi ndani. Wewe ulikuwa wa saba."

"Amekugeuzia?"

"Unaniona nimekaa wapi?"

Gari likapita, likawarushia tope wote wawili. Hakuna aliyejifuta.

"Ni nani yule, bibi?"

"Wapo wasemao alikuwa fundi kweli. Alianguka kwenye msingi wa jengo, wenzake walikuwa na haraka, zege likamwagwa. Wengine husema hajawahi kuwa mtu. Mimi ninachojua ni kimoja: sijawahi kuona magoti yake yakinyooka." Akamsogelea, akanong'ona. "Iko dawa moja. Njia ya pili, ya kuingia. Ianzie getini, iishie mlangoni, uimwage kinyumenyume kama yeye, imalizike jioni ya saba kabla giza halijashika. Lakini itataka hatua ya mtu mwingine. Mimi niliomba watu wengi. Ndugu zangu wa tumbo moja niliwaomba. Nani akupe hatua zake?"

"Na huyo anayezitoa, anakuwaje?"

Bibi Kokoto aliokota nyundo. "Atakuwa ameingia," akasema.

*

Jioni ya tano mtoto alifika bamba la tano. Jioni ya sita, la sita, na nje ya geti kulikuwa na sauti. Kwaruu... kwaruu... Mwiko ukinolewa kwenye jiwe. Mshonaji alimkumbatia binti kwa nyuma, akamvuta kwa nguvu zote za mikono iliyozoea kubeba mabunda mazito ya vitambaa. Ni kama kuvuta nguzo.

Siku ya saba alianza saa sita mchana. Mifuko ya saruji ilishaletwa. Kokoto alizileta Bibi Kokoto mwenyewe, karai kwa karai, akichechemea hadi getini na kuzimwaga kwa ndani bila kuvuka. Hakusema samahani. Alileta tu, karai la tisa, la kumi.

Mshonaji alijipima hatua kwa utepe wake wa kushonea, ule wa njano uliofutika namba, uliopima harusi na misiba ya mtaa mzima. Kisha akaushika mkasi. Alisita kidogo. Akaukata vipande saba.

Hakuwa na muhuri wa waridi. Alikuwa na lesi. Alilichana gauni lake la ndoa, lililokuwa ndani ya mfuko chini ya kitanda, na kila bamba aliloligandamiza lilibaki na sura ya lesi ile, matundu madogo madogo kama pumzi. Alichanganya, akamwaga, akazamisha kipande cha utepe, akasawazisha, akarudi nyuma. Saruji ilimla vidole. Mgongo ukawaka. La kwanza, getini, kando ya lile la waridi. La pili. La tatu. Jua likaanza kushuka kama ndoo kisimani, bila huruma. La nne. La tano.

"Mama," Chiriku akaita kutoka ndani, sauti nyembamba. "Midomo inakauka."

Muda wa maji.

Aliacha la sita, akachota ndoo, akamwagilia ile njia ya waridi kuanzia mlangoni hadi getini. Hakuwa na namna. Zege likanywa. Tss... Na hatua zikaja.

Moja. Mbili.

Akarukia bamba la sita. Lesi. Utepe. Mwiko.

Tatu. Nne.

"Chiriku, mwanangu, nisubiri! Ongea! Semasema chochote!"

Tano.

Harufu ya saruji mbichi ikaja, na haikuwa ya saruji yake. Ilitoka nje.

Ngo. Ngo. Ngo.

Chini ya geti. Usawa wa goti.

"Fundi hapa. Nimekuja kumalizia."

Sita. Mshonaji alikuwa kizingitini, bamba la mwisho, na zege katika karai halikutosha. Alikomba kuta za karai kwa kucha. Alikwangua lililoganda kwenye koleo. Alitia kokoto tupu katikati, akalifunika juu kwa viganja, akakizamisha kipande cha mwisho cha utepe, akalaza lesi.

Saba. Mkono wa Chiriku ulikuwa juu ya komeo.

Komeo likalia.

Mama akaegemea lile bamba kwa uzito wake wote, akalibana, akaliachia. Mgongo wake ukaangukia ndani ya nyumba.

Halafu mtoto akageuka. Polepole, kama mtu aliyeitwa kutoka mbali na hana hakika kama ni yeye. Akashuka kwenye waridi, akapanda kwenye lesi mbichi. Nyayo zake zikazama, moja, mbili, zote zikielekea ndani. Ya saba ilitua kizingitini, na macho yake yakapata wenyewe.

"Mama! Mbona umechafuka hivyo? Na hilo ni gauni lako? Utasema mimi ndiye nimelichana! Na nina njaa, hakuna aliyepika humu?"

Mshonaji alimkumbatia akacheka, akalia, akacheka. Mdomo ule! Angeusikiliza mpaka alfajiri.

Nje ya geti, sauti yenye mchanga ikasema taratibu, kama anayekagua:

"Ya kuingia. Kazi safi... fundi."

Kisha visigino vikajivuta, vikaenda zao.

*

Asubuhi alitaka kwenda kununua uzi. Alifika getini, akainua mguu auvushe, na mguu ukageuka. Haukuuma. Uligeuka tu, taratibu, kama punda anayeijua njia ya kwao, na wa pili ukaufuata, ikampeleka hadi jikoni. Alijaribu tena. Alijaribu kinyumenyume. Alijaribu kutambaa. Kila mara, jikoni.

Hakulia. Aliketi kwenye cherehani, akafunga kipande kipya cha utepe shingoni, akawaza: wateja huja wenyewe. Wapo wenye maisha mabaya kuliko haya. Upo mlango wa buluu na mwenyewe anautazama kwa mbali.

Chiriku ndiye akawa miguu ya nyumba. Dukani yeye, shule yeye. Mama alimwekea sharti moja tu: "Ukitoka, ongea njia nzima. Kwa sauti. Niwe nakusikia."

"Hilo nalo ni sharti?" mtoto akauliza. "Hiyo ni zawadi!"

Kwa hiyo jioni za mtaa ule zilijaa sauti ya mtoto akisimulia kila jiwe alilolikanyaga, na mama akiwa kwenye cherehani akimfuata kwa masikio, hadi dukani na kurudi, hadi kile kiatu kigonge geti. Ngo, ngo, ngo. Hapo ndipo pumzi ilipomshuka.

Wiki tatu zikapita.

Jioni moja, alipokuwa anapinda pindo, alisikia kutoka upande wa pili wa ukuta. Kwaruu... kwaruu... Sindano ikamchoma. Hakuhisi.

"Karibu fundi, karibu!" Hiyo ni sauti ya mama wa mapacha. "Nilikutafuta, kumbe unajileta!"

"Nipime hatua ya nani?"

"Ya hawa wanangu wawili."

Mshonaji alikurupuka, kiti kikaanguka. Alifika ukutani. "Jirani! Jirani, usimjibu! Mfukuze huyo!"

"Eh, jirani nawe," kicheko kikarudi. "Ulidhani maua utapata wewe peke yako? Geti liko wazi, njoo unifukuzie mwenyewe!"

Alikimbilia getini. Miguu ikageuka. Jikoni. Akakimbia tena. Jikoni. Akashika nondo za dirisha, akaita mpaka sauti ikachanika, na upande wa pili redio ikafunguliwa kumfunika.

"Njia ya kuingia, mama," ile sauti ikapenya katikati ya muziki, "au ya kutoka?"

Chiriku alikuwa amesimama uani, daftari mkononi. Mapacha wale walikuwa rafiki zake wa damu. Ndio waliombebea mkoba mwaka mzima wa magongo. Alimtazama mama yake. Alitazama miguu ya mama yake. Mtoto mwenye maneno mengi si kwamba haoni.

"Nakwenda kuwaambia," alisema.

"Hapana! Chiriku, rudi! Rudi hapa!"

"Nitaongea njia nzima, mama. Sikiliza."

Komeo likalia. Mshonaji alimfuata, mikono imenyooshwa, na miguu yake ikamrudisha ndani kwa upole kama mgeni.

"Nimetoka," sauti ikaja. "Nimepita nguzo. Kuna dimbwi, nimeliruka. Bibi Kokoto amesimama, mama! Anakuja huku, anachechemea, ameshika nyundo. Nimefika kwa kina pacha. Hodi! Jamani zimeni redio! Fundi, shikamoo, mama yangu anasema u—"

Redio ikazimika.

Mwiko ukanyamaza.

Hakuna yowe. Hakuna mbio. Hakuna nyundo. Mshonaji alisimama kizingitini, juu ya bamba la saba, vidole vya miguu ndani ya nyayo ndogo zilizoganda, akasikiliza kwa mwili mzima. Jua likazama. Akahesabu hadi mia. Akahesabu tena.

Ndipo hatua zikaja barabarani, zikasimama nje.

Ngo. Ngo. Ngo.

Chini ya geti. Usawa wa goti.

Hadi kwenye komeo miguu yake ilikubali kumpeleka. Ni kuvuka tu ndiko ilikokataza. Aliweka mkono juu ya chuma. Kilikuwa na unyevu. Aliinamisha uso karibu na upenyo, akavuta pumzi. Harufu ya saruji ilikuwepo, lakini siku hizi ilikuwepo kila mahali, hata kwenye nywele zake mwenyewe.

"Chiriku," akanong'ona.

Kitu kikapumua upande wa pili.

"Chiriku, mwanangu. Ongea."